Kigari cha Vipande, Tumbo la Gesi: Jamani, Nimekipanda!

Jamani, nishikeni! Nimetoka kukipanda sasa hivi, viganja bado vinawasha kwa mtetemo wa usukani, mashavu yamekufa ganzi kwa upepo, na kama ungekuwa karibu ningekuvuta mkono twende tukakipande tena wote wawili. Kigari! Kigari kidogo, kifupi, chembamba, chepesi, kitamu mno, kilichoungwa kipande kwa kipande na mtu mmoja kwenye banda la nyuma ya nyumba yake huko Leicester, Uingereza. Na kinakunywa nini? Gesi! Gesi ya mtungi, rafiki yangu! Jamii ile ile ya gesi inayochemsha chai yako asubuhi ndiyo inayozungusha magurudumu, na inayazungusha kwelikweli, kwa ukali, kwa furaha, kwa fujo, na bado!

Ngoja nivute pumzi nikueleze.

Waingereza wana mapenzi ya ajabu na gari la vipande. Badala ya mtu kwenda dukani kununua gari zima, analetewa fremu ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini, pua ya faibagilasi na masanduku ya nati na bolti, kisha anajifungia bandani jioni baada ya jioni, majira yanapita, anaunga. Sehemu kubwa ya wazimu huu mtamu inarudi kwa Colin Chapman wa kampuni ya Lotus, ambaye mwaka 1957 alitoa gari lililoitwa Lotus Seven. Viti viwili, paa la turubai tu, milango hakuna ya kuhesabika, magurudumu ya mbele yamekaa nje peupe. Chapman alikuwa na imani moja iliyomtawala: uzito ni adui. Upunguze, na gari litakimbia, litakata kona, litasimama upesi, tena bila injini kubwa. Na kulikuwa na raha nyingine hapo! Gari lililouzwa likiwa vipande lilikwepa kodi ya manunuzi iliyotozwa gari zima. Sharti likawa muuzaji asitoe maelekezo ya kuliunga. Basi inasimuliwa kwamba Lotus wakawapa watu maelekezo ya kulifungua, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nimecheka mpaka mbavu zikauma!

Mwaka 1973 Lotus wakawaachia kampuni ya Caterham gari lile, na Caterham wanaliuza mpaka leo. Halafu 1996 akaja Ron Champion na kitabu cha kumwonyesha mtu wa kawaida namna ya kujijengea gari la sampuli hiyo kwa pauni 250: fremu achomelee mwenyewe, injini na ekseli avue kwenye gari kuukuu. Weee! Mabanda ya Uingereza yakajaa cheche.

Kigari changu (tayari nakiita changu, niache tu!) ni cha ukoo huo huo. Aliyekiunda ni fundi mzaliwa wa Tanga, mtu mpole, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyojaa alama za spana, aliyeishi Uingereza miaka mingi bila kupoteza hata chembe ya Kiswahili chake cha pwani. Alinunua Mazda MX-5 iliyoliwa na kutu, gari ambalo mwingine angelipeleka kwa wauza chuma chakavu, akalivua injini, giaboksi, difu, habu, usukani, mpaka nyaya, akavivalisha vyote kwenye fremu mpya. Kilichobaki ni kitu ambacho hakifiki hata nusu ya uzito wa gari la kawaida la familia.

"Hebu nyanyua boneti, dada'angu," akaniambia.

"Peke yangu, kaka?"

"Peke yako."

Nikaipachua. Ikaja yote mikononi! Bati la alumini, jepesi, baridi, laini, limekunjwa kwa mkono, nikasimama nalo nimelikumbatia nisijue niliweke wapi. Chini yake injini imekaa wazi, kila bomba unaliona, kila waya umefungwa kwa nidhamu, hakuna plastiki ya kuficha chochote. Mimi nimezoea kufungua boneti za magari ya siku hizi na kukutana na kifuniko cheusi kisichosema neno. Hapa kila kitu kinaongea. Unaona maji yanapopita, unaona hewa inapoingia, na unaiona gesi, naam, mirija yake minne myembamba imejipanga kuelekea kila silinda. Nilitaka kupiga magoti.

Sasa njoo nyuma, njoo, njoo uone tangi, maana hapa ndipo akili ya fundi ilipofanya kazi usiku na mchana.

Unaijua ile mitungi inayobebwa na bajaji na teksi za gesi Dar es Salaam? Ile hubeba gesi asilia, ile iliyogunduliwa kisiwani Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974 na kufika Dar kwa bomba mwaka 2004. Ni gesi nzuri, safi, ya nyumbani, naipenda mno. Lakini haikubali kuwa majimaji kwa kubanwa tu, kwa hiyo hushindiliwa ikiwa gesi kwa presha ya baa 200 hivi, na presha hiyo inataka mtungi mnene wa chuma wenye uzito unaokaribia wa abiria mzima. Kwa bajaji sawa. Kwa teksi sawa kabisa. Kwa kigari ambacho mwenyewe amehesabu mpaka bolti, hapana! Fundi akageukia gesi ya kimiminika, ile ya jikoni, ambayo Uingereza huuzwa vituoni kwa ajili ya magari na huko ni propeni karibu tupu. Hiyo ukiibana kidogo tu, presha kama mara nne ya ile ya tairi, inalegea, inakuwa majimaji, inakaa kwa adabu ndani ya tangi la bati lisilo nene. Umeelewa ninachokuambia? Mafuta yenyewe yamechaguliwa kwa kuogopa uzito! Chapman angemkumbatia huyu Mtanga.

Na tangi lenyewe, ah! Duara, bapa, lina tundu katikati, limelazwa chini kabisa ya buti pale pale lilipokuwa tangi la petroli, limefungwa kwa mikanda ya chuma, valvu zake zimefunikwa ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa chenye mrija wa kutokea nje, chini ya gari. Nikaligonga kwa kucha. Nggg! Sauti nzito, fupi, ya kushiba. Fundi akaniambia kwamba halijazwi likafurika, valvu yake hujifunga yenyewe likifika asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka jua linapopiga. Pembeni yake kuna kitangi cha petroli, kidogo hicho, cha kubeba kwapani, kazi yake ni kuamshia injini tu.

Akakaa ndani, akapiga stati. Injini ikaamka kwa petroli, ikakohoa, ikatulia, maji yakaanza kupata moto. Mimi nikabaki nimeinamia boneti iliyo wazi na kidole kimenyooshwa, maana fundi alikuwa ameniahidi uchawi. Kuna kisanduku cha alumini cha ukubwa wa kukamatika kwa viganja viwili, mafundi wanakiita regulata, kinachopokea gesi ikiwa majimaji na kuitoa ikiwa mvuke. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ikiachiwa presha inageuka gesi palepale, na inapogeuka inanyang'anya joto la kila kilicho karibu nayo. Ndiyo maana maji ya moto ya injini hupitishwa kukizunguka kisanduku, la sivyo kingeganda. Fundi akaifungulia gesi mapema kidogo, makusudi, nione.

Tk!

Mlio mmoja mdogo wa valvu kufunguka. Nikagusa mdomo wa regulata gesi inapoingilia: baridi kali, baridi ya kuuma, na ukungu mweupe unatambaa juu ya chuma mbele ya macho yangu! Nikasogeza kidole upana wa vidole viwili, kwenye mpira wa maji: moto! Baridi na moto vimekaa jirani ndani ya mashine moja inayonguruma kwa utulivu, na baada ya muda mfupi maji yakashinda, ule weupe ukayeyuka, kisanduku chote kikawa vuguvugu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena!

Ngoja, kuna injini yenyewe. Ilipohama kutoka petroli kwenda gesi, unadhani ilitikisika? Ilishtuka? Ilikata pumzi? Hata kidogo. Kitu pekee kilichonijulisha ni kitaa cha kijani kilichowaka kwenye dashibodi, na mlio wa ekzosi uliolainika kidogo tu, ukapoteza ule ukwaruzo wa asubuhi. Basi. Ningekuwa nimefumba macho ningeapa hakuna kilichobadilika.

Mpaka nikanusa. Rafiki yangu, nusa! Anayejua magari ya aina hii anajua yanavyonuka petroli: kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye glavu, unarudi nyumbani watu wanakukwepa. Hapa hakuna. Banda linanuka alumini iliyopigwa msasa, mpira mpya, na chai ya tangawizi ya fundi. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, na oili bado inang'aa, unaona chuma kupitia ndani yake, kwa sababu gesi haioshi kuta za silinda jinsi petroli isiyoungua inavyoziosha na wala haiachi masizi mengi. Nikashika leso nyeupe kwenye ekzosi. Ikatoka na unyevunyevu tu! Leso nyeupe, imelowa umande wa injini, haina hata alama! Nimeitunza.

Haya, sasa tupande.

Mlango hakuna. Unavusha mguu mmoja, unashika fremu, unavusha wa pili, unajishusha, unashuka, unashuka, bado unashuka, na unapofika mwisho unajikuta umekaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono nje unaigusa barabara. Niliigusa! Lami ya Uingereza, mbichi, yenye vijiwe, ipo pale pale ubavuni. Miguu inanyooka mbele ndani ya handaki jembamba lenye joto la injini. Mkanda unakubana mabega. Mbele yako boneti ndefu, taa mbili zilizosimama, magurudumu mawili unayaona yanavyopanda na kushuka. Kando yako fundi, bega kwa bega, maana nafasi ya kutengana haipo.

"Tayari, dada'angu?"

"Twende, kaka!"

Tukaenda! Lo! Nakuapia tuliondoka kabla moyo wangu haujakubali. Hakuna kulegalega, hakuna gari kujifikiria. Mguu wa fundi unagusa pedeli na kigari kimeshafika. Gia ya pili, mlio unapanda. Gia ya tatu, upepo unaingia puani, machoni, mdomoni, na mimi nacheka kwa sauti kubwa peke yangu. Vijia vya mashambani vya Leicestershire vimepindapinda vikiwa na ua wa vichaka kila upande, na kigari kilikuwa kinaviingia vile ngalawa inavyoingia upepo wa kusi: kinalala kidogo, kinashika, kisha kinajirusha mbele kwa nguvu mpya. Kona ya kushoto, kona ya kulia, kijilima, tumbo linabaki juu, daraja dogo, ng'ombe wametutolea macho, harufu ya majani yaliyokatwa, harufu ya mbolea, harufu ya mvua inayokuja, zote nazinusa moja moja kwa sababu injini yangu hainuki!

Watu husema ukitia gesi gari linapooza. Hao hawajakaa kwenye kiti kile. Ni kweli mvuke wa gesi huchukua nafasi kidogo ya hewa ndani ya silinda, na kwenye gari zito lenye mizigo unaweza kulihisi pengo hilo kwenye mlima. Lakini gesi hii ina okteni inayopita 100, wakati petroli ya kawaida ya Uingereza ni 95, kwa hiyo injini inavumilia kuchochewa bila kugonga, na fundi amezipanga upya nyakati za cheche kwenye kontroli boksi mpaka akarudisha sehemu ya kilichopungua. Na kwa kilo chache kiasi hiki, jamani, nani atahisi kilichobaki? Mimi nilihisi mgongo ukigandamizwa kwenye kiti na machozi ya upepo yakikimbilia masikioni. Basi!

Mvua ikatukuta. Bila paa! Matone yanapiga kioo kidogo cha mbele, yanaruka juu, yanatua kwenye paji la uso, baridi, matamu, na joto la handaki linapanda miguuni, nusu yako iko kwenye barafu na nusu iko jikoni. Nikapiga vigelegele. Vigelegele vya kwetu, vya harusini, katikati ya Leicestershire! Fundi akakanyaga zaidi, na bado!

Tukaingia kwenye njia binafsi ya shamba la rafiki yake, akasimamisha, akashuka, akaniambia neno moja: "Hamia." Usukani! Kwangu! Ni mdogo, wa mviringo kamili, umevalishwa ngozi, hauna msaada wa haidroli wala umeme, na bado unazungushika kwa vidole kwa sababu pale mbele hakuna kitu kizito cha kuzungusha. Unakuambia kila kijiwe. Tope limeanza? Unajua. Tairi la kulia limepita juu ya mzizi? Unajua. Klachi ni nzito kiasi cha kuridhisha, gia zinaingia kwa kukatika, tak, tak, mkono hauendi mbali. Nikabonyeza kitufe cha kubadilishia mafuta nikiwa mwendoni, nikarudi petroli, nikabonyeza tena, nikarudi gesi, tena, tena, nikitega sikio nikamate badiliko. Siwezi kulikamata. Hakuna. Ni kitaa tu kinachobadilika rangi na kunicheka.

Halafu kituoni! Ah, nusura nisahau kituo, na mimi nilikipenda kuliko mambo mengi. Tukaingia kituo cha mafuta, watu wakageuka, mtoto mmoja akaning'inia dirishani kwa kutazama. Bomba la gesi limesimama pembeni peke yake. Fundi akachukua bastola yake, nzito, ya chuma, akaisokomeza kwenye mdomo wa gari akaizungusha mpaka ikakaza. Hakuna kumwagika, hakuna tone, gari na pampu vimekuwa kitu kimoja. Kisha unabonyeza kitufe na kukishikilia. Ukikiachia, gesi inakata. Nilikishikilia mimi! Unasikia majimaji yakikimbia ndani ya mpira, mtetemo mdogo chini ya kiganja, tangi likinong'ona, na lilipofika kipimo chake, kimya, limekataa lenyewe. Unafungua: PSSSH! Kamvuke keupe kanaruka, baridi inapita kwenye vidole, na harufu ile ile, unaijua, ile ya jikoni mtungi ukivuja. Gesi yenyewe haina harufu. Wanaitia kwa makusudi ili pua ikuonye. Na bei! Kila lita ni nafuu sana kuliko petroli, kwa sababu ushuru wake ni mdogo. Unachoma lita nyingi kidogo zaidi kwa mwendo ule ule, ndiyo, lakini ukipiga hesabu mwishoni bado unatabasamu. Kinachoniuma, na nakisema kwa uchungu, ni kwamba vituo vyenye gesi hiyo vinazidi kupungua Uingereza, na fundi sasa huipanga safari yake kwa kuvifuata.

Najua unataka kuniuliza: haitalipuka? Swali zuri, na nilimuuliza nikiwa nimekaa karibu juu ya tangi lenyewe. Ukizima injini, valvu ya tangi inajifunga papo hapo. Presha ikizidi kwa joto, valvu nyingine inaipumulia nje taratibu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini, tofauti na gesi asilia inayopaa, ndiyo sababu ule mrija wa kisanduku unatazama ardhini, na ndiyo sababu kigari kisicho paa wala buti la kufungwa kinaipenda: upepo unafagia kila kitu. Kazi ya gesi ilikaguliwa na fundi mwenye cheti cha gesi za magari, maana bila cheti kampuni za bima hazikuelewi. Na kigari chenyewe kilipita mtihani wa serikali ambao kila gari la kujiundia lazima lipite. Unajua wanavyopima kingo za nje? Mkaguzi anapitisha tufe la sentimita 10 kwenye bodi, na kila mahali tufe linapogusa lazima pawe laini, pasimkate mpita njia! Tufe! Mtu mzima na tufe lake anakizungukia kigari! Napenda nchi inayochukulia mambo ya bandani kwa uzito kiasi hicho.

Lakini nakushika sikio hapa: usije ukafunga mtungi wa jikoni kwenye gari. Kamwe! Mtungi wa jikoni hutoa mvuke kutoka juu, tangi la gari hutoa majimaji kutoka chini, na limejengwa kwa mitikisiko na ajali. Ni ndugu, lakini kazi zao ni tofauti kabisa. Ukiwa Dar na umepagawa nilivyopagawa mimi, nenda kwa wanaojua, hata karakana ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hubadilisha magari yatumie gesi asilia.

Na usidhani magari haya mepesi yanaishia kwenye gesi! Mwaka 2006 Lotus wenyewe walitoa Exige moja ya majaribio iliyokunywa E85, mafuta yenye ethanoli asilimia 85, na ikatoka na nguvu zaidi ya ndugu yake wa petroli. Tena subiri usikie hii. Huko California, mwaka 1997, kampuni ya AC Propulsion ilichukua gari la vipande liitwalo Sportech, ikalitia mota ya umeme na betri, ikaliita tzero. Likaja kuvalishwa betri za lithiamu mwaka 2003, likapepea kiasi kwamba aliyelipanda, Martin Eberhard, hakulala tena vizuri. Akaanzisha Tesla na wenzake. Na Tesla ya kwanza, Roadster ya 2008, ikajengwa juu ya msingi uliotokana na gari gani? Lotus Elise! Chapman tena! Kila unapogusa wepesi unakutana naye. Gari la vipande, la bandani, ndilo lililowasha moto ule wote, na bado watu wanayaita vichezeo!

Mimi gesi bado imeniteka. Ndiyo, inatoka kwenye mafuta ya ardhini, na hewa ukaa inapungua kwa kiasi tu, haimaliziki. Lakini fundi akaniambia jambo lililonisimamisha: propeni hiyo hiyo sasa inatengenezwa pia kutokana na mafuta ya mimea na mafuta taka ya kupikia, na Uingereza imeanza kuuzwa tangu 2018. Molekuli ile ile! Tangi lile lile! Hubadilishi hata nati! Hebu fikiria mafuta yaliyokaangia samaki yakizungusha magurudumu haya kwenye kona zile... acha tu, acha, nitalia.

Kwa hiyo sikiliza. Ukiwa Uingereza, nenda maonyesho ya magari ya vipande, uyaone yamepangwa, uyaguse, uongee na wenyewe, maana wenyewe hawachoki kuongea. Vaa koti zito, funga kilemba vizuri, acha viatu vya visigino nyumbani, pedeli zimebanana. Ukiwa Dar, simamisha bajaji ya gesi, mwombe dereva akuonyeshe mtungi na akuwashie kwa gesi usikilize, tega sikio kwenye ule mlio, halafu nipigie simu.

Na fundi hajamaliza! Okteni yote ile imekuwa ikimkosesha usingizi, kwa hiyo nimekuta bandani, juu ya rafu, kimefungwa kwenye gazeti, kitu cha mviringo chenye panga za feni ndani. Tabo! Anafunga tabo! Nimeshamwambia kiti cha kushoto ni changu siku ya kwanza, lakini siku ya pili hakijachukuliwa na mtu, na kigari kina kiti kimoja tu cha abiria, kwa hiyo wahi!